Tamasha la Viti Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Jumamosi mke wangu anatimiza mwaka tangu afariki. Nimeamua. Safari hii watu watajaa. Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu asubuhi, tukawa kumi na mmoja, nikijihesabu mimi na mchimba kaburi. Mtu aliyepamba sherehe za mji mzima.

Brashi ilikuwa yangu, maneno yake. Mteja akija kutaka bango, yeye alikaa kwenye kigoda, penseli sikioni, akamuuliza kwanza ana viti vingapi. Daftari lake ninalo. Hafla: viti vina vitambaa. Sherehe: kuna watakaocheza. Tamasha: jukwaa, na spika za kusikika mtaa wa pili. Shamrashamra: mpaka majirani walalamike. Alihesabu viti, ndipo akachagua neno. Hakuwahi kukosea.

Nimepata viti arobaini vya kuazima. Nimechagua tamasha.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji, mdogo wake marehemu, kapita karakana. Nikamwonyesha bango: TAMASHA KUBWA LA FAHARI, JUMAMOSI SAA KUMI, UWANJA WA NYUMA YA KARAKANA. Akauliza jina la dada yake liko wapi. Nikamweleza kwamba ndiyo mbinu yenyewe. Ukiandika kumbukumbu, kila mtu anapata udhuru. Wakishafika wataona haya kuondoka.

Akasema, shemeji, wewe unahitaji usingizi, si rangi. Tukae nyumbani sisi kwa sisi, yeye atapika. Sisi kwa sisi! Si ndivyo tulivyofanya siku ya mvua?

Herufi F imetiririka. Mke wangu alikuwa anazipuliza herufi mbichi kama mtu anayepoza chai. Nimepuliza. Haikusaidia.

Jumatano, 5 Machi

Jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye duka la kuchapa, tunamwita Mashine. Tangu alete mtambo wake wateja wangu wamehamia kwake. Leo kasimama chini ya bango, akasema herufi zangu zinatembea na mkongojo. Akauliza nani atatumbuiza. Nilibanwa. Nikajibu ni siri.

Macho yakamtoka. Akasema anayefichwa hivyo lazima awe mkubwa. Kabla ya adhuhuri ameshachapa vikaratasi: MSANII WA SIRI, na chini yake jina la duka lake, kubwa kuliko la tamasha. Ataleta na spika. Nikamwacha. Adui ananifanyia kazi bure. Sijajisikia mjanja hivi mwaka mzima.

Alhamisi, 6 Machi

Mji hauna habari nyingine. Mama mshonaji wa mlango wa pili ana hakika ni mwimbaji aliyerudi kutoka ughaibuni. Akaniomba nimtunzie kiti cha mbele. Nikatabasamu tu. Kutabasamu si kudanganya.

Nimefagia uwanja. Nimefagia na ndani. Chini ya rafu nimekuta penseli yake, alama za meno bado zipo. Sikuendelea kufagia.

Ijumaa, 7 Machi

Viti vimefika thelathini na nane, viwili havina mgongo. Jukwaa ni meza mbili nilizofunga kwa kamba. Picha yake niliyo nayo ni moja, anacheka, nusu ya uso kageukia pembeni, rangi ya bluu kwenye kidevu. Nimeifunika kwa shuka.

Hotuba ina kurasa sita. Nimeisoma kwa sauti karakanani. Nimeishia ukurasa wa pili.

Jumamosi, 8 Machi

Walikuja. Mamia. Walijaa uwanjani, wakapanda ukutani, wamebeba watoto mabegani. Nilipanda mezani, nikaivuta shuka.

Nikaanza kusoma. Mtu wa nyuma akauliza msanii anakuja saa ngapi. Nikaonyesha picha, nikasema ndiye huyu. Wakaangua kicheko. Wakadhani ni kichekesho! Wakacheka ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipofika pale alipofariki, wakapiga makofi.

Kufika ukurasa wa nne wakaelewa. Miluzi. Mtu akadai arudishiwe muda wake. Kamba ikakatika, meza moja ikaenda huku na mimi huku. Jua likiwa bado juu, uwanja ulishabaki karibu mtupu. Viti vinne viliondoka nao.

Waliobaki walisogeza viti wakanizunguka, nadhani kwa huruma. Shemeji alitoa masufuria aliyoyaficha kwa mshonaji. Mshonaji akasimulia jinsi marehemu alivyomkatalia neno tamasha kwenye ubatizo wa mjukuu wake, wakanuniana mwezi mzima, na kweli walikuja watu tisa. Mashine alikuwa anakunja waya wa spika. Naye akakaa. Akasema mke wangu ndiye mtu wa kwanza mtaani aliyemsalimia, akamwambia mtambo wake ni mzuri ila haujui kuuliza maswali. Sikuwahi kuambiwa. Huyu ndiye aliyenishikia mwavuli kaburini, sikujua kwa nini. Walicheka, shemeji akalia, wakacheka tena, mpaka giza likaingia.

Nikawahesabu. Kumi na mmoja. Sura zile zile, ila mchimba kaburi hayupo, badala yake yuko mwenye viti, anasubiri viti vyake.

Jumapili, 9 Machi

Mwili unauma. Shemeji kapita asubuhi, akasema jana ilikuwa siku nzuri, dada yake angeipenda. Ana moyo mwema. Hajui kuhesabu.

Nimelifungua daftari kutafuta kosa langu. Ukurasa wa mwisho kuna maandishi ya penseli, hafifu: watu wachache wanaopendana, andika Karibuni, inatosha. Sijui alikuwa anamwandikia mteja gani. Nikageuza.

Kosa nimeliona. Tamasha ni neno dogo. Mwakani ni shamrashamra, viti mia, na jukwaa la misumari, si kamba. Mashine nimeshamwambia achape mapema. Akasema sawa, jirani.

Nimeanza na herufi S. Imetiririka. Nimepuliza.