Kisigino cha Mama na Chupa ya Asubuhi

Ijumaa, tarehe 1 Agosti. Butembo. Baridi.

Mama ameamka tena kwa kushika ukuta. Kutoka kitandani hadi mlangoni, kama mtu anayekanyaga misumari. Alipofika jikoni alikuwa nafuu. Saa nne alikuwa amesimama dukani kwake, akibishana na wateja wa sabuni kama kawaida. Jioni, maumivu yamerudi. Ni miezi sasa. Yeye anasema ni uzee. Mimi nasema ni aibu. Nyumba yenye binti aliyetoka chuo na licence ya afya ya jamii haiwezi kuwa na mguu unaouma bila jina!

Na leo ndipo Tante Kahongya, dada ya Papa, amekuja na huruma yake. Jumamosi ya wiki ijayo kaka yangu Kambere anaoa, kule Beni. Familia ya bwana arusi itaingia katika salle ya sherehe kwa kucheza, mama yake mbele, na wakwe watatazama kila hatua. Tante amejitolea kucheza mbele badala ya Mama. "Mulamu, wifi yangu, weye ikaa tu, mie nitakusaidia." Kumbe amekwisha kufanya mazoezi. Amekwisha kununua viatu!

Mama amekubali kwa kichwa. Halafu ameingia jikoni na kukaa humo muda mrefu bila kupika kitu. Nimeona.

Haitakuwa hivyo. Mama ndiye aliyemzaa Kambere, Mama ndiye atakayecheza. Nimefungua masomo yangu ya chuo. Jibu limepatikana kabla ya chakula. Goutte, jongo la mguu!

Jumamosi, tarehe 2.

Matibabu yameanza. Nimekataza nyama, dagaa, na maharagwe kwa usalama zaidi. Papa amekatazwa pia, ili Mama asijaribiwe. Mama ameuliza kama licence yangu ilikuwa ya afya ao ya njaa.

Shaka moja ndogo. Masomo yanasema goutte hushika ghafla, mara nyingi usiku, katika kiungo cha dole gumba la mguu. Kiungo huvimba, huwa chekundu, huwaka moto, hata shuka likigusa mgonjwa hupiga kelele. Dole gumba la Mama ni baridi na halina neno. Nimelibonyeza. Hakuna kitu. Nimelibonyeza kwa nguvu zangu zote. Mama amesema haya, sasa linauma.

Hiyo ni dalili!

Jumatatu, tarehe 4.

Usaliti. Papa amemchukua Mama kwa pikipiki hadi kituo cha afya bila kunijulisha. Nimewafuata kwa miguu, nimefika na vumbi hadi kwenye nyusi. Tayari Mama alikuwa amelala kifudifudi, na mguu wake katika mikono ya Étienne.

Étienne ni kiné, mtaalamu wa viungo na misuli. Serikali imemleta kutoka Kindu. Shati lake limepigwa pasi. Katika mji wa vumbi hivi, mtu mwenye shati kama lile anaficha kitu.

Hakufungua kitabu chochote. Aliuliza tu maumivu yanakuja lini. Mama akasema ni hatua za kwanza za asubuhi, halafu yanapungua, halafu yanarudi akisimama sana, ao akiinuka baada ya kukaa. Étienne akabonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani. Mama akamwita Bikira Maria. Basi. Alisema chini ya unyayo kuna utando mgumu unaofunga kisigino na vidole. Umechoka. Usiku unajikunja, asubuhi hatua ya kwanza inauvuta kwa ghafla. Si goutte. Si uzee. Watu wengi wanao, hasa wale wanaosimama kutwa juu ya sakafu ya sima kwa kandambili nyembamba.

Dawa yake: kunyoosha mguu kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, kuegemea ukuta ili msuli wa nyuma uvutike, kuvaa viatu vyenye soli nene na laini, na kubingirisha unyayo juu ya kitu cha mviringo. Kupona kabisa kunataka wiki nyingi. Lakini kwa Jumamosi, alisema, tunaweza kutumaini.

Akaniuliza, mbele ya Mama, mimi nilifikiri ni nini. Nilijibu nilikuwa nakaribia hapo hapo. Mama akakohoa.

Jumanne, tarehe 5.

Jana jioni niliamua kuboresha matibabu ya Étienne. Alisema kitu cha mviringo, hakusema kipi. Mtu asiyesema kipi anaacha kazi katikati! Chupa ya plastiki inabonyea. Kopo linakwaruza. Mwiko si wa mviringo. Nimetafakari sana juu ya umbo na uzito. Chupa bora kwa unyayo wa binadamu ni chupa kubwa ya bia.

Kwetu hapa hakuna, kwani Mama ni wa Legio Maria, chama cha sala cha parokia, na Papa anakunywa kwa rafiki zake. Nimeomba moja tupu katika nganda, baa ya jirani. Nimeijaza maji na kuilaza nje usiku kucha. Butembo ndiyo friji yetu.

Leo asubuhi Mama ameketi nyuma ya nyumba, juu ya kiti kidogo, chupa chini ya mguu. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Amefumba macho. Amesema, "Aaah! Sasa damu inatembea."

Halafu ameinua chupa hadi karibu na uso kuipangusa. Wakati huohuo Tante Kahongya alikuwa akipita kwenye ua kuomba chumvi.

Ameondoka bila chumvi.

Jumatano, tarehe 6.

Jambo zuri sana! Wamama wa Legio wamekuja kwetu mchana, na présidente wao mbele, wamevaa vikwembe vya Jumapili. Wamesali fungu moja la rozari kwa ajili ya wote waliofungwa na chupa. Mama amesali kwa moyo wote, akifikiri ni kwa ajili ya Papa. Papa amesali kwa nguvu zaidi, akifikiri hivyo pia. Mimi nimelia kidogo. Tulikuwa tumeungana kweli.

Wakati wa kuaga, présidente amemshika Mama mabega yote mawili, akamwambia Bwana hamtupi mtu, hata anayeanza kabla ya jua.

Tumetazamana, mimi na Mama: Tante na chumvi yake!

Alhamisi, tarehe 7.

Nimechukua hatua. Nimekwenda kwa Tante Kahongya, nimesimama wima, nimemwambia Mama hajawahi kuonja bia. Chupa ile ni yangu!

Nilitaka kuendelea, kueleza kisigino, utando, mviringo. Tante alikuwa amekwisha kuvaa kitambaa cha kichwa na kutoka.

Jioni mtaa mzima umenitazama. Padri mdogo amenipa kitabu cha vijana kuhusu ulevi. Étienne amepita kumtazama Mama, akaniuliza kwa sauti ya taratibu kama ninalala vizuri. Nimemwambia ninalala vizuri sana. Akasema ni vizuri. Nikasema ndiyo, ni vizuri. Mazungumzo ya kijinga kabisa. Shati lake leo lilikuwa la buluu.

Lakini Mama ameshuka kitandani leo asubuhi bila ukuta! Hatua mbili za kuchechemea, halafu kawaida. Nimemwona akijaribu kucheza peke yake nyuma ya mlango. Bega la kulia, bega la kushoto. Aliponiona alianza kufagia. Ufagio hakuwa nao.

Jumamosi, tarehe 9. Beni, commune Ruwenzori. Joto!

Nitaandika kwa utaratibu.

Tulitoka Butembo mapema ili tusisumbuliwe na njia. Mama aliketi muda mrefu katika gari. Misa ilikuwa ndefu. Tulipofika salle, aliinuka, akakanyaga, akashika bega langu. Kisigino kimekaza. Tante Kahongya ameona. Amevaa viatu vipya vyenye ncha kama kalamu na talo ndefu kisiginoni. Amesema, "Mulamu, si nilikuambia?" Na akasogea mbele ya mstari.

Nilitafuta chupa. Meza yetu: maji na vinywaji vitamu tu, vyote vya plastiki. Meza nyingine zote, bia. Ndipo nilipoelewa. Habari imefika Beni kabla yetu!

Mpango ulikuwa mmoja tu. Niliingia katika stoo ya wakwe, nyuma ya salle. Nilichukua chupa moja, nikaificha ndani ya kikwembe. Nilipogeuka, Mama Débora, mama wa bibi arusi, alikuwa mlangoni.

Aliuliza kama ni ya mama yangu ao ni yangu. Nilisema ya Mama. Uso wake! Nikaona arusi inavunjika, mbuzi wa mahari wanarudi Butembo mmoja mmoja, Kambere analia. Basi nikasema kila kitu. Hatua za kwanza za asubuhi. Kisigino, chini, upande wa ndani. Sima. Kandambili. Utando. Sikupumua.

Mama Débora akaketi juu ya kasha la bia. Akauliza polepole, "Asubuhi tu, ao hata kisha kuikaa mingi?"

Hata kisha kuikaa mingi, nilisema, akiinuka tu.

Akavua kiatu. Mwaka mzima, alisema, amefikiri kuna mtu wa sokoni aliyemwekea kitu cha uchawi njiani akakikanyaga. Amemshuku muuza mafuta ya mawese. Hamsalimii tena. Nikabonyeza chini ya kisigino, kama nilivyoona. Akamwita Bikira Maria. Sauti ileile!

Nilikimbia kumleta Mama. Nikawaacha wakwe wawili wameketi juu ya makasha, vikwembe vimepandishwa hadi magotini, kila mmoja na chupa yake chini ya mguu. Mbele, nyuma. Nilikwenda kutafuta viatu katika begi la Kambere; niliporudi walikuwa wanacheka hadi machozi. Mama Débora alikuwa anasema lazima aombe msamaha kwa muuza mawese.

Viatu vya sare vya Mama nilivitupa nyuma ya makasha. Chini ya kikwembe kirefu alivaa viatu vya Kambere vya mpira wa kikapu.

Muziki ukaanza. Tante alikuwa ameingia peke yake mbele yetu. Katikati ya salle alisimama. Akavua kiatu kimoja. Akavua cha pili. Kwenye ubavu wa mguu, mahali dole gumba linapoanzia, nundu nyekundu, na dole limelalia wenzake kama mlevi. Nililitambua papo hapo! "Hallux valgus!" nilipiga kelele. Wakwe wakafikiri ni kilio cha furaha cha Butembo. Wakaitikia.

Halafu Mama akapita. Bega la kulia, bega la kushoto. Mama Débora kando yake, mkono kwa mkono, familia mbili kwa mlango mmoja, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Kambere alisimama akapiga makofi huku analia, kama nilivyotabiri, ila kwa sababu nyingine. Mama hakutazama miguu yake hata mara moja.

Jumapili, tarehe 10. Butembo.

Tumerudi. Présidente wa Legio amesikia habari za kisigino, ametuma mtu kuazima chupa. Kumbe naye, asubuhi, hushika ukuta. Tante ameketi kwetu na mguu katika beseni. Nimemshauri viatu vipana mbele. Amesema nilisoma bure. Lakini amebaki.

Mimi, hata hivyo, nimeumia. Tangu jana usiku, mguu wa kulia, mbele, chini ya vidole: maumivu kama nimekanyaga kijiwe. Masomo yako wazi. Mtu akihisi kijiwe ambacho hakipo, na moto kati ya kidole cha tatu na cha nne, ni neva iliyovimba. Neuroma ya Morton! Nimekubali hali yangu. Nimemwambia Mama asilie.

Étienne amekuja kumtazama Mama. Nimemweleza ugonjwa wangu kwa lugha ya kitaalamu. Amesikiliza hadi mwisho. Ameomba kiatu. Amekipindua, amekitikisa.

Kifuniko cha chupa ya bia.

Wamecheka wote, hata Tante, maji yakamwagika kutoka beseni. Étienne amejaribu kujizuia, akashindwa. Anacheka vizuri. Nimeandika hili kwa ajili ya ukweli tu.

Hata hivyo sioni kosa langu liko wapi. Nilihisi kijiwe, mahali palikuwa sahihi kabisa! Hakuna aliyenisifu kwa hilo.

Étienne ameuliza kama kisigino cha Mama bado kinahitaji kutazamwa. Mama alifungua mdomo kusema kimepoa. Nimemwahi, nimesema bado, sana, aje Jumanne.

Sasa hivi Papa ameinuka kutoka kwenye kiti akishika goti. Amesema labda Jumanne naye amwonyeshe yule kijana.

Goti! Nimefunga mlango. Nimefungua masomo. Jibu limepatikana kabla ya chakula.