Ombi la Mwanangu Kusajiliwa Kuwa Gitaa la Saba

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Chama cha Waunda Magitaa ya Mkono.

Mzee Mwenyekiti, shikamoo.

Natumaini mgongo wako umepoa. Mara ya mwisho ulipofika kwetu uliondoka umeushika, kwa sababu viti vyote vilikuwa vimelaliwa na mbao, ukakaa juu ya ndoo. Tulisikitika sana. Viti bado vimelaliwa, ila ndoo sasa ina kifuniko.

Mimi ni mke wa yule fundi wenu wa toleo maalumu, aliyeruhusiwa na Chama kutengeneza magitaa saba ya mkono, yasiyo na la nane, kisha kalibu ya kuyaundia ichomwe moto mbele ya mashahidi. Sita yamekwisha. La saba halijapata kifua, maana ubao anaoutaka haujaonekana, na mume wangu haoni shida kwa kuwa ubao yeye hautafuti kwa macho, anautafuta kwa masikio. Pia ni mama wa mtoto wa kiume ambaye ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa. Naandika kwa niaba yake. Yeye malalamiko yake huyatoa kwa njia nyingine ambayo majirani wanaifahamu.

Nianze kwa kusema kwamba simchukii mume wangu. Ni mpole, hagombi na mtu, na mikono yake inanukia mbao hata akitoka kuoga. Ndiyo maana namshitaki kwenu na si kwa wazazi. Wazazi wataniambia nivumilie. Nyinyi ni watu wa vipimo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chumba. Nyumba yetu ina vyumba viwili na jiko. Chumba kimoja kina ukuta unaotoka maji kila mvua zikianza. Cha pili ni kikavu, dirisha lake linapata jua la asubuhi, na ukutani pana kijisaa cha kupima unyevu wa hewa. Bila shaka umeshajua nani analala wapi. Magitaa sita yananing'inia kwenye chumba kikavu kama wageni wa heshima, na sisi watatu tumebanana na ukuta unaotoka maji. Mtoto ana mafua yasiyokwisha, na mvua kubwa zinakuja. Nilipomwambia mume wangu kwamba unyevu utatuharibia mtoto, alitoka mbio hata viatu hakuvaa. Nikasema moyoni, leo kimeeleweka. Akaenda kusoma kijisaa chake, akarudi anahema. "Mke wangu, umenishtua! Yako salama yote sita."

2. Kushikwa. Anayetaka kushika gitaa kwetu lazima anawe, ajikaushe, avue pete, na avue mkanda, kwa kuwa kichuma cha mkanda kinakwaruza mgongo wa gitaa. Mama yangu mzazi alivuliwa mkufu ambao hajawahi kuuvua tangu aolewe. Hata wewe, Mzee, uliambiwa uvue mkanda, ukashika gitaa kwa mkono mmoja na suruali kwa mkono mwingine. Sikucheka. Nilikwenda kucheka jikoni. Lakini mwanangu anabebwa na kila apitaye. Juzi jirani yetu anayechomelea mageti alimnyanyua na glavu zake zile zile, mtoto akarudi na alama tano nyeusi mgongoni. Nikamlalamikia mume wangu. Akamtazama mtoto, akasema, "Huyo anafutika."

3. Kugonga. Mume wangu hawezi kupita karibu na ubao. Atakunja kidole, ataugonga, atainamisha sikio. Nimezoea. Fundi aliyetuwekea dari alidhani anakaguliwa, akaondoka kwa hasira. Ila kabati langu la nguo, nililopewa na bibi mzaa mama siku ninaolewa, aliligonga asubuhi moja akitafuta soksi, kisha akanyamaza. Mzee, ninakijua kimya kile. Ndicho alichokaa nacho siku aliyokuja nyumbani kuniposa, mimi nikadhani amepigwa na uzuri wangu, kumbe alikuwa ameegemea mlango wa baba. Basi haikupita wiki, kabati likawa mgongo wa gitaa la sita, na nguo zangu zikahamia kwenye beseni. Nilipouliza akanijibu kwa upole kabisa, "Hujapoteza kabati. Limepata sauti tu." Sasa nikitaka sketi nainama, na nikitaka kulitazama kabati langu nanawa mikono kwanza.

Jumapili iliyopita aligonga kitanda cha mtoto.

Akanyamaza.

4. Hili nilitaka liwe la kwanza, ila nilipoanza kuandika hasira ya chumba ilitangulia. Ni dhamana. Kila gitaa linalotoka mikononi mwa mume wangu linatoka na ahadi yake: likipata ufa, shingo ikipinda, sauti ikififia, lirudishwe kwake naye atalitengeneza maisha yake yote bila kununa. Nimemsikia akiwaahidi watu asiowajua hata kwa sura. Mwanangu hajaahidiwa chochote. Akicheka ni wa ukoo wao, na wifi yangu yuko tayari kuapa kwamba pua ile ni yake. Akilia naambiwa, "Mtazame mwanao." Mimi sikatai kumtazama. Ila naona mtengenezaji mwenza naye angetazama kidogo.

5. Uadimu. Hapa naomba usome polepole, maana nimefikiri sana nikifua nepi. Watu wakija kuyaona magitaa, mume wangu huwaambia kwamba yatakuwa saba tu duniani, hakuna mashine iliyoyagusa, na hakuna mawili yanayofanana. Wageni wanashusha sauti kama wameingia wodini. Nami nikajiuliza: kama kinachovutia heshima ni uchache, magitaa ni saba, mwanangu ni mmoja. Mashine haikumgusa, nilikuwepo. Hakuna anayefanana naye, ukiacha hilo la pua. Malighafi yote ilipatikana humu humu nyumbani. Fundi ni yule yule, ingawa lazima niseme kwamba sehemu kubwa ya kazi niliifanya mimi na sikusifiwa kwenye kikao chochote. Na kuhusu kalibu, Mzee, haitachomwa, wala sitakubali mashahidi waitwe.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba Chama kimsajili mwanangu kuwa gitaa la saba.

Faida zake ni nyingi. Toleo litakamilika, na mume wangu ataacha kugonga vitu vya watu. Mtoto atahamia chumba kikavu bila ugomvi, maana ni haki ya kila gitaa. Wageni watanawa. Atapata kile kisanduku chenye kitambaa laini ndani, ila kifuniko kiondolewe, na asining'inizwe shingo kama wenzake. Atapata dhamana ya maisha. Nami nitakuwa na neno la kumwambia yule jirani wa mageti.

Kama kuna mjumbe atakayehoji sauti, asiwe na wasiwasi. Mwanangu anasikika mpaka kwa kinyozi wa barabara ya pili, na hatumii umeme. Nyuzi zake hazijawahi kukatika. Sauti ya juu anayo, ya chini anaitafuta. Mkaguzi yeyote anakaribishwa saa ya kuogeshwa.

Na kama Chama kitaona ni vigumu kusajili kitu chenye miguu, basi nashusha ombi langu: yaondoeni yale sita yote nyumbani kwetu kabla ya mvua kubwa. Anzeni na hilo la sita, kabati langu, ambalo mnunuzi wake anakuja Jumamosi. Sitalia. Nitamfungulia mlango mwenyewe, nitambebea mpaka barabarani, nitampungia mkono mpaka apotee. Kitu kilichoniacha kwenda kuwa gitaa siwezi kukililia mara ya pili.

Bado nina matumaini. Mume wangu ana masikio mazuri kuliko watu wote ninaowajua, na mwenye masikio kama yale hawezi kushindwa kusikia siku zote. Huenda anasubiri tu asikie kwa watu wa Chama kile ambacho mimi nimekisema sana mpaka kimekuwa kama kelele za mtaani.

Nisalimie mama hapo nyumbani, na watoto, na wajukuu. Msalimie katibu mwenye miwani ya kufungwa kwa uzi. Na yule mjumbe aliyesinzia mlipokuwa mkikagua gitaa la nne mwambie hatukukasirika, mtoto alifurahi kupata mwenzake.

Wako katika unyevu na matumaini,

Mama wa Gitaa la Saba (mtarajiwa).

Tanbihi: Nilikuwa bado sijafunga bahasha. Mume wangu alikuwa ametoka kwenda kununua gundi, nami nikaona niingie chumba kikavu na mtoto kiunoni nipime kitanda chake kitakaa wapi. Nilipoinama nikambana, akalia.

Mzee, yakamjibu. Yote sita, pale ukutani, hakuna aliyeyagusa. Nyuzi zilivuma taratibu kwa sauti ile ile yake, na la sita, kabati langu, ndilo lililokuwa la mwisho kunyamaza. Mtoto akafunga mdomo. Akatazama juu. Kisha akalia tena kidogo, bila shida yoyote, kwa kujaribu tu, akainamisha kichwa upande mmoja akisikiliza.

Akanyamaza. Ninakijua kimya kile.

Sasa amelala humo, chini yao. Kitanda nimekiburuta mwenyewe. Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni na kopo la gundi mkononi, mimi nimejiandaa kwa vita. Nikamwambia, "Mlize kidogo uone." Akasema hawezi kumliza mtoto aliyelala. Basi mtoto akapiga chafya, na ukuta mzima ukampigia chafya nyuma yake. Mume wangu akaweka gundi chini. Akatazama kijisaa, akamtazama mtoto. Akaenda kunawa. Akarudi, akavua pete, akavua mkanda, ndipo akambeba.

Kwa hiyo naomba barua hii isisomwe kikaoni. Yale niliyosema juu ya kuyaondoa magitaa yafutwe. Mnunuzi wa la sita mwandikieni kwamba Jumamosi hatutakuwepo, na Jumamosi zinazofuata pia hatuna uhakika. Akija hata hivyo, hatalipata, tumelishusha ukutani tukalificha chini ya shuka za mtoto, na atakayetaka kufunua shuka lazima kwanza anawe.

Kuhusu ubao wa kifua cha la saba, msihangaike tena kuulizia. Leo asubuhi nimeugonga mlango wa jikoni, ukaitika. Mume wangu hajui bado. Nakusihi, Mzee wangu, msimwambie. Nataka kumwambia mwenyewe.