Pointi Nane Zilizobaki

Jumatatu, 12 Januari 2026
Barua pepe kutoka chama cha mawakili. Ikifika mwisho wa mwezi, asiye na pointi kumi za mafunzo hapati leseni ya mwaka. Nina mbili! Na hizo mbili nilizipata nikiwa nimesinzia mstari wa mbele. Miaka kumi na tisa ya uwakili hapa Babati, bado napelekwa darasani kama mtoto wa chekechea. Dorothea, wakili mwenye ofisi mkabala na yangu, alimaliza zake tangu Mei. Mwanamke huyu hana shamba?

Jumanne, 13 Januari
Mzee Anselimu wa Singe amekuja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kukaa. Kesi yake ya mpaka wa shamba inasikilizwa tarehe 2 Februari, na amesikia sokoni kuwa sina leseni. Nikamwambia iko njiani. Anayemtetea jirani aliyesogeza mpaka ni nani? Dorothea! Nisiposimama mimi, mzee atasimama peke yake mbele ya yule mama. Na ekari mbili zile ndizo zinazolisha nyumba yake nzima. Iliniuma kweli.

Alhamisi, 15 Januari
Semina ya mtandaoni, pointi nane. Na leo ndiyo siku ya palizi kwenye shamba langu Maisaka! Nikapata akili. Nikasimamisha picha yangu ya kuapishwa mbele ya kamera ya kompyuta, nikamwachia karani wangu Clara, nikapanda bodaboda. Picha ni ya zamani, bado nina nywele.

Clara anasema mambo yalikwenda vizuri mpaka Baltazar, mwenyekiti wetu, alipouliza mbona wakili msomi Amedeus hatikisiki. Clara akaishika picha kwa nyuma, akaiinamisha iitikie. Baltazar akauliza nani anaunga mkono mawakili wazembe wafungiwe. Nikaitikia kwa nguvu. Kisha nikaanguka kifudifudi. Clara akazima kompyuta.

Hadi jioni nimepokea simu saba za pole. Wanadhani nilizirai! Dorothea kaleta maparachichi. Pointi: sifuri. Maparachichi ni matamu, nakiri.

Ijumaa, 23 Januari
Semina ya mwisho, ya ukumbini, hapa hapa mjini. Pointi nane. Nimefika saa mbili asubuhi, nikasaini karatasi ya mahudhurio wa kwanza kabisa, nikatokea mlango wa jikoni. Magugu hayasubiri.

Nimerudi saa tisa mchana, miguu nimenawa. Mbele kaketi mgeni mwenye tai. Watu wamechoka, sahani tupu mezani. Nikajua mada imekwisha. Baltazar aliponiona akasema kwa kuwa mimi ni mkongwe, niseme machache kwa niaba ya wenzangu. Sisi hatufungi semina bila neno la shukrani, na kwa shukrani sina mpinzani. Nikamshukuru mtoa mada kwa elimu nzito. Nikasema sijawahi kufundishwa kama nilivyofundishwa leo. Nikataja hasa ile sehemu ya baada ya chai, ambayo ilinigusa mimi binafsi. Nikaomba apigiwe makofi ya kilo.

Dorothea kafunika uso kwa daftari, mabega yanacheza.

Kumbe gari la mtoa mada liliharibika Minjingu! Wamemsubiri tangu asubuhi. Alikuwa ameingia dakika tano tu kabla yangu, na mimi nilitakiwa kumkaribisha. Nilitamani ardhi ipasuke. Baltazar akaniambia kwa ukali nikae, mada ndiyo inaanza, na karatasi ya asubuhi imefutwa. Nikakaa. Karatasi mpya ikapita kabla ya chai ya jioni. Nikasaini. Nikanywa chai, vikombe viwili. Kisha nikapita jikoni tena, wapishi sasa wananijua kwa jina.

Ijumaa, 30 Januari
Leseni imetoka! Nimeibusu. Nimeitundika ukutani mahali ambapo Dorothea akichungulia tu, anaiona. Mzee Anselimu kaja kuihakikisha kwa macho yake. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema sasa atalala usingizi.

Jumatatu, 2 Februari
Mahakamani. Joho limepigwa pasi. Kabla sijafungua kinywa, Dorothea akasimama na kusema kesi za mipaka sasa zinadai fomu mpya yenye saini za majirani wote wanne, na ya kwetu haimo kwenye jalada. Hakimu akaniuliza iko wapi. Nikasema sijawahi kuisikia. Akashangaa, kwani alijua mawakili wa Babati walifundishwa Ijumaa ile, baada ya chai. Tumepewa hadi tarehe 16. Isipoletwa, au ikijazwa vibaya, kesi inatupwa.

Mzee Anselimu alinifuata hadi nje. Kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, siku hiyo wewe ulikuwa wapi?"

Machozi yalinilenga. Nikamwambia semina za siku hizi hazifundishi kitu.

Jumatano, 4 Februari
Bahati! Chama kinarudia mada ya fomu Jumamosi hii, hatua kwa hatua, kwa wale walioikosa. Kuna na pointi za mwaka mpya. Nimeapa sitarudia uzembe, safari hii najipanga mapema. Nimempigia Filbert, wakili mwenzangu wa Dareda, ili anisainie. Simu yake inatumika. Kumbe na yeye ananipigia mimi, anataka nimsainie!

Tumeelewana kama watu wazima. Yeye atanisainia mimi, mimi nitamsainia yeye. Nimemtumia Mzee Anselimu ujumbe kwamba asiwe na wasiwasi, suala la fomu nimelimaliza. Jumamosi nitakuwa Maisaka, mahindi yanataka mbolea.