Kengele ya Mzee Athman

Leo nimefedheheka, tena nyumbani kwa watu nilikopeleka posa.

Wa kulaumiwa ni ami yangu Swaleh, mshenga wangu. Badala ya kusema mimi ni karani wa ghala kule Shimanzi, akaniremba: "Kijana ni fundi wa stima huyu, wa kutafutwa!" (Kweli yenyewe: nina wiki tatu na programu ya laptopu ya kujifunzia saketi. Unachora betri, unachora swichi, unachora waya, taa inawaka. Ukiiunguza unafuta, unachora nyingine. Waya wa kweli sijawahi kushika.)

Mzee Athman, babake Zuhura niliyemposa, akajibu: "Vyema. Kengele ya mlango wangu imekufa. Na aje aitengeze, kisha n'tatoa jibu la posa."

Jana nikaichora kengele hiyo kwenye laptopu. Nikabonyeza swichi. Kriiing! Nikajipigia makofi.

Leo baada ya Adhuhuri nikaingia Mji wa Kale, kanzu imepigwa pasi, laptopu kwapani, kengele mpya mkononi. Nyumba ni ya ghorofa: swichi iko chini mlangoni, kengele juu sebuleni. Nikaunganisha nyaya vile vile nilivyochora, ncha kwa ncha, nikazifunga kwa tepu. Mzee akashuka, akabonyeza. Kimya. Nikabadilisha betri. Kimya! Nikamwambia mkondo umekosa mwelekeo. (Msiniulize maana yake.)

"Sasa je, kijana?" akaita kutoka chini.

Jasho lilinitoka. Zuhura nampenda, jamani, na posa yangu ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Nikafungua laptopu.

"Tayari, Mzee! Bonyeza!"

Alipobonyeza yake, nami nikabonyeza yangu. Kriiing!

"Mashaallah!" Nikamsikia anapanda ngazi. Nikaisukuma laptopu chini ya mto wa kochi, wazi hivyo hivyo. Akafika, akaniketisha papo hapo kwa furaha. Nikaegemea mto.

Kriiing!

"Pana mgeni," akasema, akashuka ngazi zote. Hakuna mtu. Akarudi anahema. Halua ikaletwa. Nikainama kuchukua kipande, nikarudi nyuma. Kriiing! Akashuka tena. (Na magoti yanamsumbua, masikini.)

Mara ya tatu alishuka na bakora. "Ni watoto wa mtaa hawa! Leo watan'tambua!" Nikaona ni sasa au kamwe, nikainuka haraka niizime, nikajikwaa kwenye kanzu yangu, nikaukalia mto wenyewe. Ikalia mfululizo.

Zuhura akatoka jikoni. Akapanda kiti, akaivuta kengele ukutani. Nyaya zikachomoka. Mlio ukaendelea. Babake akatokea mlangoni na bakora yake.

"Baba," akasema kwa upole, "kengele n'nayo mkononi. Hii yalia wapi?"

Wote wawili wakautazama mto. Mimi nilikuwa bado nimeukalia.

Nikaitoa laptopu, nikaizima. Zuhura akazitazama ncha za nyaya, akaleta kisu cha jikoni, akazimenya ganda la plastiki kama anayemenya muhogo. Wallahi sikujua kwamba waya wa kweli humenywa kwanza! Kwenye programu unagusisha tu. Akaunganisha, babake akashuka, akabonyeza, kengele ikalia kweli. Natamani ardhi ingenimeza na laptopu yangu.

Mzee akapanda, akaketi.

"Babangu, posa nimeikubali."

Moyo ukaniruka!

"Nakuoza humu humu," akasema, akiigonga laptopu kwa bakora. "Ukishakaa na mke wa humu bila kumuunguza, njoo uniulizie wa nje."

Zuhura alicheka mpaka akakaa chini.

Basi ndiyo hivyo, nimeoa, ila ndani ya laptopu. Atakayecheka haji harusini.