Ndege Moja, Mawakala Wawili

Jumatatu, 2 Juni 2025. Iringa

Balaa! Kampuni yetu ya Kipunji na wale wa Mwewe wanataka kuunganisha safari. Kila asubuhi ndege zetu mbili zinatoka hapa kwenda Mbeya zikifuatana, nusu tupu, zinachoma mafuta na kumwaga moshi angani. Meneja wangu, Mama Catherine, anasema ni kama malori mawili yanayobeba gunia mojamoja. Abiria wote wapande ndege moja. Sawa. Lakini ndege moja, wakala mmoja! Ama mimi Didas, ama Devotha wa Mwewe, yule anayewachekea abiria hadi wanasahau mabegi. Mameneja wanakuja Jumatano kujionea. Kazi yangu siiachii!

Jumanne, 3 Juni

Akili imefunguka. Wakiikuta ndege yangu imejaa, wataunganisha nini? Kesho nina abiria mmoja tu, Anord wa Kalenga, anayekwenda kuanza kazi Mbeya. Nikampigia mama yake, Mama Faustina. Nikamwambia kijana hasindikizwi kinyonge: aje na ukoo mzima, nguo za kanisani, kila mtu na begi. Akaniita mwanangu, akasema nimelelewa vizuri. Kweli kabisa.

Jumatano, 4 Juni

Walikuja! Mashangazi, wajomba, mashemeji. Devotha alikosa pa kusimama. Mama Catherine akasema hakujua Kipunji inapendwa hivi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ndipo Mama Faustina akataka tuombee safari. Wote wakamzunguka Anord, wakamwekea mikono. Mama akamsihi Mungu amlinde msafiri wao, huyu mmoja, maana wao wengine wanarudi Kalenga kuvuna mahindi. Mama Catherine akaitikia amina, akafumbua macho, akanitazama. Nimekwisha.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepona! Mkataba umesainiwa, ndege moja kuanzia Jumatatu. Nilishafungasha hadi kikombe changu. Mama Catherine akaniita, akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema abiria wa kampuni mbili ni wengi mno kwa mtu mmoja, na anayeweza kuwaleta watu wa Kalenga uwanjani asubuhi na baridi hii ana kipaji. Mimi na Devotha tunabaki wote, meza moja. Jamani, nimepumua! Devotha akanipa na chapati.

Jumatatu, 9 Juni

Ndege imeruka moja tu, imejaa. Nimefurahi kwa dhati, hadi nilipoona abiria wote wanakwenda upande wa Devotha. Alipotoka kunywa chai, nikalegeza skrubu za kiti chake. Kazi safi.

Akarudi na habari kwamba kesho Mama Catherine atashinda nasi. Viti ni viwili, kwa hiyo yeye Devotha atampisha chake. Jasho! Nikamwahi: hapana dada, mgeni atakalia changu. Devotha kaguswa sana. Akasema basi mimi nikalie chake, yeye atasimama. Nimekubali papo hapo.

Kichwa hiki! Kimeniokoa tena.