Chaji na Nusu Kaputi

Redio ya Suhaib, muuza kahawa, ndiyo iliyoleta balaa. Asubuhi ile kijiweni Kinyerezi, mtangazaji alisema kwamba mtu ambaye korona ilimwachia mabaki, uchovu usiokwisha, pumzi fupi, moyo kwenda mbio, asikubali kupasuliwa kabla hajamweleza daktari wa usingizi.

Macho yote yakamgeukia Revelian, fundi seremala, ambaye keshokutwa yake alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri.

Pale kijiweni hakuna aliyemwita Revelian. Walimwita Chaji. Tangu korona impitie, mwaka wa nne sasa, alikuwa akipiga randa dakika kumi, anakaa ishirini, kama simu iliyochoka betri. Kila alipojieleza, aliambiwa anazeeka.

"Wanakusema wewe!" alidakia Nurdin. Huyu alikuwa dalali wa viwanja, jina la kijiweni Profesa Bando, kwa kuwa elimu yake yote aliipata kwenye simu kabla bando halijakata. "Ila usiwasikilize. Korona iliondokaga zamani. Wewe una uvivu sugu."

"Uvivu gani huo unaomfanya mtu moyo umwende mbio akifunga kamba za viatu?" aliuliza Bupe, mshonaji wa kibaraza cha jirani, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Braza Chaji, umemwambia daktari?"

Chaji akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. "Aliniuliza kama nina tatizo. Nikasema mie mzima."

"Mzima!" Suhaib akashika kiuno. "Mzima anakwenda kukatwa tumbo?"

"Wameshaniahirisha mara mbili. Nikianza kuwasomea risala ya pumzi, wataniambia rudi mwakani. Na hii ngiri kila nikibeba ubao inashuka."

"Sikia," Profesa Bando akavuta benchi. "Nusu kaputi inapimwa kwa mtu mwenye mapafu mawili. Wewe la pili liko likizo. Wanaweza kukulaza leo ukaamka Januari."

"Au asiamke kabisa," Suhaib akaropoka.

Cherehani ya Bupe ikasimama.

Chaji alicheka peke yake, kicheko kikavu. Kisu hakikumtisha. Kilichomnyima amani ni kule kulazwa. Nyumbani alikuwa akilalia mito mitatu, akihofia kwamba akinyooka chali pumzi itatoka isahau kurudi. Na lilikuwepo jingine ambalo hakuwahi kulitamka: aliogopa kumweleza daktari halafu naye acheke kama Nurdin.

"Mficha uchi hazai," alisema Bupe. "Kesho nakwenda nawe kwa daktari wa usingizi. Ukinyamaza, nasema mie."

"Utasema kama nani?"

"Kama shangazi yako."

"Nimekuzidi miaka kumi!"

"Basi shangazi mdogo."

Kweli, kesho yake wakaenda hospitali. Daktari wa usingizi alikuwa binti mdogo, Dokta Atuganile, mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo baba. Una shida yoyote ya pumzi?"

"Marahaba. Hapana, mie mzi..."

Bupe akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kuchoma kama sindano ya cherehani.

Basi Chaji akamwaga yote: randa, viatu, mito mitatu, siku ambazo alioga akarudi kulala kwa uchovu wa kuoga. Akakaa kusubiri kicheko. Kicheko hakikuja. Daktari alikuwa anaandika. Ukurasa ukajaa, akaugeuza.

"Pole sana, baba. Muda wote huo mbona hukusema?"

"Nilisema sana," Chaji akajibu. "Kijiweni."

Daktari akambana kidude cha kupima oksijeni kidoleni, akamtembeza korido mara mbili, akamtuma akapige picha ya kifua na kupimwa moyo. Upasuaji ukasogea siku tisa, na nusu kaputi ikafutwa. Angechomwa sindano ya ganzi ya mgongo.

Wiki tatu baadaye Chaji akarejea kijiweni, anatembea kama aliyebeba trei ya mayai.

"Tupe habari za huko ulikolala," Profesa Bando akasema.

"Nani kalala? Kililala kiuno na miguu. Kichwa kilikuwa macho! Wameweka pazia, na nyuma ya pazia, jamani, kuna kijiwe kuliko hiki. Mpasuaji anabishana na nesi kama maharage yaungwe kwa nazi au kwa karanga. Nikavumilia. Mpasuaji akasema yeye huunga vyote viwili. Nikashindwa! Nikasema, daktari, hayo si maharage, huo ni ugomvi."

Suhaib nusura amwage birika.

"Wakacheka, na mie nikacheka. Mpasuaji akapiga kelele: mzee, acha kucheka, tumbo linaruka, nitakushona pamoja na glovu!"

Walipokwisha kupangusa machozi, Chaji akashusha sauti. "Yule binti wa usingizi alikaa kichwani kwangu mpaka mwisho. Kila mara ananiinamia: baba, pumzi ikoje? Mwaka wa nne huu, nyie, hakuna aliyeniulizaga hivyo."

Suhaib akammiminia kikombe kingine bila kuombwa.

"Na uchovu?" Bupe akauliza taratibu.

"Upo. Ngiri ndiyo imekwenda. Ila sasa uchovu wangu umeandikwa kwenye faili, una namba."

Jua likapanda, watu wakatawanyika. Bupe akaitwa na mteja, Suhaib akabeba birika lake. Nurdin akabaki. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Chaji. Hivi pale hospitali, anayeangalia pumzi anakuwepo siku gani?"

"Kwani vipi?"

"Hamna ishu. Ila toka ule mwaka, nikimpandisha mteja kilimani kumwonyesha kiwanja, njiani namwambia tusimame kwanza tutazame mandhari." Akaongeza: "Mandhari yenyewe ukuta wa mtu."

Chaji akashika tumbo, maana nyuzi hazikuruhusu kicheko. Wala hakukitaka sana. "Jumanne," akasema. "Wahi namba asubuhi, na uwaambie kila kitu."

Nurdin akashukuru, akaondoka kwa mwendo wa kujidai. Hata hajafika kwenye kona akasimama, akashika kiuno, akaanza kuikagua nguzo ya umeme kwa makini sana.