Mwenyekiti Lazima Awe na Shahada

Siku Msomi alipoingia kwenye mgahawa ulio chini ya jengo la kampuni za kompyuta, hakuwa na mpango wowote zaidi ya kunywa chai ya mtu mwingine. Usoni alivaa miwani ya vioo vya kawaida isiyomsaidia kuona chochote, na kwapani alibana gazeti alilolikunja tangu wiki iliyopita. Jina la Msomi alipewa na watu waliokuwa wakimkejeli, maana shule aliikimbia kabla hajajua kugawanya. Yeye alilipokea kama urithi wa babu na hakulivua tena.

Meza ya jirani ilikuwa inawaka moto.

"Wewe si mhandisi!" alifoka kijana mmoja aliyevaa tai. Huyu aliitwa Joho, kwa sababu picha yake ya simu ilikuwa bado ile ya mahafali na kila sentensi yake ilianza na "tulipokuwa chuo". "Mhandisi ni mtu aliyekaa chuo miaka minne. Wewe umekaa wapi?"

"Nimekaa kazini," alijibu fundi simu, bwana mnene mwenye kitambulisho shingoni kilichoandikwa MHANDISI MKUU WA MAWASILIANO YA MKONONI. Kazi yake ilikuwa kubadilisha vioo vya simu zilizopasuka. "Hiyo shahada yako imewahi kuwasha nini?"

"Ukijiita mhandisi wewe, mimi niitwe nani?"

"Jiite unavyotaka, kaka. Mimi kadi nimeshachapisha."

Mhudumu alikuja mbio na kitambaa begani. Mtandao wa jengo zima umekatika tangu asubuhi, alisema, wateja wa ghorofani wanataka kupasua meza, jamani hapa hakuna anayejua? Meza nzima ikatazama dari. Joho alisema hilo ni suala la kiwango cha chini mno kwa mtu wa sifa zake. Fundi simu alisema yeye ni wa mkononi tu, na huo mtandao uko ukutani. Mhudumu akaondoka alivyokuja, na ugomvi ukaendelea pale ulipoachwa.

Msomi alishusha kikombe taratibu. Hawa, aliwaza, hawagombei kazi. Kazi iko juu inawaita kwa sauti na hakuna anayeitaka. Wanagombea jina. Na jina ni bidhaa tamu kuliko zote, halipimwi kwenye mzani, halichachi, na aliyeuziwa bovu hawezi kulirudisha dukani bila kujiaibisha.

Akasimama, akakohoa kidogo kama mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Wataalamu, samahani kuwaingilia. Mimi natoka Baraza."

"Baraza gani?" aliuliza Joho.

Msomi alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Hapo ndipo tulipofikia, ndugu zangu. Mhandisi mzima anauliza Baraza gani."

Joho alinywea. Fundi simu akaficha kitambulisho chake ndani ya shati. Chai ililipwa na Joho.

Baraza lilizaliwa jioni hiyo hiyo sebuleni kwa shemeji yake. Shemeji alikuwa mke wa kaka yake mkubwa, dereva wa malori ya masafa marefu aliyeonekana nyumbani kwa nadra kama mgeni. Alikuwa mwanamke mpole wa maneno machache, mwenye steshenari yake ya kutoa kopi na kugonga mihuri kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo lile lile, na kwa muda mrefu alikuwa amemvumilia Msomi katika chumba cha uani, akila bila kuchangia hata chumvi.

"Kwa hiyo unataka nikuchapishie vyeti," alisema Shemeji.

"Vyeti, muhuri, na chumba. Kile cha pembeni ya duka lako. Lakini upange kwa jina lako, Shem. Unajua wenye nyumba wa mji huu walivyo na chuki na mimi."

"Sijui kwa nini," alisema Shemeji. "Nusu kwa nusu?"

"Nusu kwa nusu. Sisi si ni ndugu?"

Chumba hicho kilikuwa zamani cha daktari wa meno aliyehama akikimbia kodi. Alibeba kila kitu isipokuwa kile kiti kikubwa cha kulazia wagonjwa, kilichokuwa kimefungwa sakafuni kwa bolti zilizoshika kutu. Msomi alipokiona alikaribia kulia kwa furaha. Usaili wote ulifanyikia hapo. Mwombaji alilazwa chali, taa ikawashwa machoni, kisha Msomi akamuinamia na kumuuliza kwa sauti nzito, "Kompyuta ni nini?" Wengi walianza kutokwa jasho. Mmoja alifungua mdomo kwa mazoea na kuonyesha jino linalomsumbua.

Biashara yenyewe ilikuwa rahisi hata ikatia aibu. Wenye shahada Msomi aliwauzia mlango: walipe, na Baraza litahakikisha makanjanja hawaingii. Waliojifundisha wenyewe aliwauzia ufunguo: walipe, na Baraza litawatambua kwa uzoefu. Kundi moja lilikuja asubuhi na jingine jioni, na kila kundi liliondoka likiwacheka wenzao. Kijana aliyepanga nyaya chini ya meza za benki akawa Msanifu Mwandamizi wa Miundombinu. Dada aliyejaza majina ya wateja kwenye kompyuta akawa Mwanasayansi wa Data. Bwana mmoja aliomba aitwe Mtaalamu wa Mawingu, kwa kuwa alisikia huko ndiko kumbukumbu za kompyuta zinakotunzwa siku hizi, akapewa, ingawa hata ngazi ya kubadilishia taa alikuwa anaiogopa.

Hata mkurugenzi wa ghorofa ya juu alishuka mwenyewe.

"Nataka vyeo kwa wafanyakazi wangu wote," alisema. "Virefu."

"Virefu kiasi gani, Mkurugenzi?"

"Virefu kiasi cha mtu kusahau kuuliza nyongeza ya mshahara."

Msomi alimpa punguzo. Aliheshimu kipaji anapokiona.

Basi ikawa kila anayepanda ngazi anasema, "Shikamoo Daktari," na kila anayeshuka anasema, "Asante Daktari." Mwanzoni Msomi alicheka moyoni. Baadaye akaacha kucheka. Baadaye tena akaanza kukunja uso mtu anapomsalimu bila kumtaja cheo. Tapeli akianza kuamini uongo wake, mwombee dua, maana huyo amekwisha.

"Shem," alimwambia shemeji yake siku moja wakifunga duka, "mbele ya watu uwe unaniita Daktari."

"Daktari wa nini?"

"Daktari tu. Kwani lazima kuwe na kitu?"

"Haya, Daktari," alisema Shemeji, akaendelea kupanga karatasi.

Ndipo Joho alipokuja na ujumbe mzito. Chama chao cha wenye shahada kilikuwa kimekusanya michango mikubwa ya kuliendeleza Baraza. Fedha ipo tayari, wataikabidhi Ijumaa mbele ya wanachama wote. Sharti lilikuwa moja tu. Kanuni ibadilishwe, na isomeke kwamba bila shahada hakuna cheo, kuanzia mfagizi wa Baraza mpaka mwenyekiti wake.

"Safi kabisa!" alisema Msomi, akaigonga muhuri kanuni hiyo kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. "Lazima tuilinde taaluma. Watu hawajasoma, wanajiingizaingiza tu!"

Usiku ule hakulala kwa raha ya hesabu zake. Ijumaa angepokea mchango ule, na Ijumaa hiyo hiyo angepanda basi. Sanduku la kaka yake alikwishalifunga na kulisukuma chini ya kitanda. Nyuma yake ingebaki kodi ya chumba kilichopangwa kwa jina la Shemeji, na kundi la mafundi simu wenye hasira ambao vyeti vyao vimegeuka karatasi za kufungia karanga. Wangemfuata nani? Mwenye muhuri, bila shaka. Msomi alimwonea huruma shemeji yake kweli, mpaka chakula cha jioni kilipoletwa, akaona kina chumvi nyingi, huruma ikapungua.

Alhamisi Joho alipita tena. "Daktari, kesho kabla ya makabidhiano kila mtu ataonyesha shahada yake. Tutaanza na wewe mwenyekiti. Ni utaratibu tu."

"Bila shaka," alisema Msomi, na kwa muda mzima wa kumsindikiza Joho mpaka ngazini alikuwa akijaribu kukumbuka shahada yake ameiweka wapi. Aliporudi na kuketi kwenye kiti cha meno ndipo akili ilipomrudia. Hana. Hajawahi kuwa nayo.

Alimkimbilia Shemeji. Huyo alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kubandika picha za watu kwenye vyeti.

"Nitakutengenezea," alisema. "Lakini hii si kama hivi vyetu vya uchochoroni. Kesho watashika wenyewe mkononi, watainusa. Inataka karatasi nzito, nembo ya kubonyea, wino wa dhahabu. Na mwenye hivyo vitu anataka fedha kwanza."

"Shem, si unikopeshe?"

"Mkopo utoke wapi? Nusu yangu si hujanipa tangu tuanze?"

Msomi alijikuna shingo. Kisha akaenda chumbani, akafungua soli ya kiatu, mto, na mfuko wa koti la baridi, akarudi na kila alichokuwa amekificha. Alimkabidhi chote. Kesho, alijifariji, nitavuna mara kumi ya hicho. Asiyekubali kuacha chambo hali samaki.

Ijumaa ukumbi wa jengo ulijaa tai. Shemeji, kama karani wa Baraza, alikaa mezani mbele kupokea na kukagua shahada. Msomi alipanda jukwaani akiwa na miwani iliyong'arishwa, akamkabidhi karatasi yake nzito yenye nembo ya kubonyea na wino wa dhahabu. Kweli ilikuwa nzuri. Alitamani angeipata mapema, angeipiga picha.

Shemeji aliinua karatasi kwenye mwanga. Akaipapasa kwa kidole gumba. Akavua miwani yake, akaivaa tena.

"Waheshimiwa," alisema kwa upole ule ule wa siku zote, "naomba mnisamehe, maana huyu ni shemeji yangu na moyo unaniuma. Lakini kazi ni kazi. Cheti hiki ni bandia."

Vichwa vyote vilimgeukia Msomi.

"Shem!" Msomi alinong'ona. "Si wewe..." Akajing'ata ulimi hapo hapo. Si wewe nini? Si wewe uliyenitengenezea? Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimemla mpaka mfupa, na hakuweza hata kupiga kelele.

"Tapeli!" alipiga ukelele Joho, kwa hasira ya mtu aliyelipia chai. "Kwa hiyo Baraza halina mwenyekiti? Nani humu anayelijua Baraza, na ana shahada?"

Shemeji alisita kama mtu anayeona haya, kisha akatoa kwenye mkoba bahasha ya zamani. "Mimi ninayo moja. Ni ya kweli, mnaweza kuulizia chuoni. Ila ni ya misitu. Upandaji na utunzaji wa miti."

Mtu mmoja nyuma alianza kusema kwamba misitu na kompyuta, jamani, ni vitu viwili. Joho alimgeukia kwa ukali. "Kanuni imesema shahada. Haikusema ya nini!" Na aliikaza tai yake kidogo, kwa kuwa ile miaka yake minne ya chuo aliitumia kusomea usimamizi wa hoteli. Waliokaa karibu naye waliafiki haraka haraka. Mmoja wao alikuwa wa muziki, mwingine wa ufugaji wa kuku, na kanuni hiyo waliiandika wenyewe kwa uangalifu mkubwa. Mikono ikanyooka. Makofi yakapigwa. Mchango ukakabidhiwa kwa Mwenyekiti Shemeji, aliyeupokea kwa mikono miwili na kuinama kidogo.

"Na huyu tumfanyeje?" aliuliza Joho, akimwonyesha Msomi kwa kidevu.

"Mwacheni aende," alisema Shemeji. "Hajasoma, msimlaumu." Kisha alimsogelea kama anamuaga, akamwambia sikioni, "Sanduku nimekutolea nje, kwenye baraza ya nyumba. Nililiona nilipokuwa nafagia chini ya kitanda. Angalau ulikuwa umeshalifunga mwenyewe, hukunipa kazi."

Msomi alishuka ngazi. Fedha ilimuuma, uongo hausaidii. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kingine, na alipofika ghorofa ya pili hakuweza kukizuia.

"Misitu!" alipaza sauti, na ngazi nzima ikamrudishia. "Mtu wa miti asimamie kompyuta? Huu ni uhuni! Taaluma imekwisha! Watu hawana sifa, wanapeana vyeo tu!"

Fundi simu alikuwa anapanda, anahema, kadi yake shingoni na noti mkononi. Mwenyekiti mpya alikwishawatumia wote wasio na shahada ujumbe tangu asubuhi: wamefunguliwa kibali cha mpito, kinacholipiwa kila mwezi, na vyeo vyao havitaguswa.

"Unapigia nani kelele?" aliuliza fundi simu.

"Huyo mwenyekiti wenu! Hakusomea!"

"Na wewe umesomea nini?"

Msomi alivua miwani yake, akaitazama, akairudisha usoni.

"Basi nipishe," alisema Mhandisi Mkuu wa Mawasiliano ya Mkononi, akimsukuma kwa bega. "Wenye vyeo tupite."

Msomi akajibana ukutani, akampisha.